Kengele ya Kengeleni na Nyinginezo: Mahali pa Kihistoria pa Kuzuru Mombasa, na Wajibu wa Mkazi

Kila asubuhi makanga wa matatu zinazovuka Daraja la Nyali hulitaja jina hilo bila kulifikiria: "Kengeleni! Kengeleni!" Abiria hushuka, huvuka barabara na kuendelea na shughuli zao. Ni wachache wanaoinua macho kuutazama mnara mdogo ulio karibu na makutano, wenye kengele iliyokipa kituo hicho jina. Na ni wachache zaidi wanaojua kwamba waliokuwa wakiisikiliza kengele hiyo ni watu waliookolewa kutoka utumwani.

Hali ni hiyo hiyo katika sehemu nyingi za Kaunti ya Mombasa. Mkazi wa Port Reitz hulitaja kila siku jina la luteni wa jeshi la majini la Uingereza aliyefia hapa mwaka 1824. Wanaokunywa kahawa chungu barazani Ndia Kuu wamekaa kwenye barabara ambayo jina lake limehifadhi lafudhi ya Kimvita, maana "ndia" ni njia. Kilindini ni mahali penye kina, na ni kina hicho kilichoifanya Mombasa kuwa lango la Afrika Mashariki.

Wageni husafiri kutoka mbali kuja kuyaona haya. Mkazi aliyezaliwa Majengo, Likoni au Mikindani huenda akafika utu uzima bila kukanyaga ndani ya Fort Jesus. Makala haya yanaeleza mahali pa kuzuru, historia iliyopo kila mahali, ni nani mwenye jukumu la kupatunza, na jambo gani linaweza kuvipoteza vitu hivi katika kizazi kimoja tu.

Mji uliokuwepo kabla ya Wareno

Watu wengi huanza historia ya Mombasa na Wareno. Mji ni mkongwe kuliko hivyo. Masimulizi ya wenyeji yanamtaja Mwana Mkisi, malkia wa kale wa mji, na baada yake Shehe Mvita, ambaye jina lake ndilo linalotajwa hadi leo watu wanaposema Mvita. Wakazi wa asili walijipanga katika makundi mawili, Miji Tatu na Miji Tisa, ambayo kwa pamoja huitwa Thenashara Taifa, yaani mataifa 12.

Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipita Mombasa mwaka 1331. Aliandika kwamba wenyeji walikula ndizi na samaki, kwamba walikuwa watu wa dini, na kwamba misikiti yao ilijengwa kwa mbao kwa ustadi mkubwa. Vasco da Gama alifika Aprili 1498, miaka 167 baadaye. Hakuelewana na Mombasa, akaenda Malindi. Mwaka 1505 kikosi cha Francisco de Almeida kiliuvamia mji, kikaupora na kuuchoma. Mwaka 1528 Wareno waliuvamia tena wakiongozwa na Nuno da Cunha.

Kilichowavuta wote hao ni upepo. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi na kuleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi hufuata na kuyarudisha. Aliyeishika bandari ya Mombasa aliishika biashara ya pembe, nafaka, nguo na, kwa bahati mbaya, ya watu pia.

Fort Jesus: ngome yenye simulizi nyingi

Matembezi yanafaa kuanzia hapa, mapema kabla jua halijawa kali. Wareno walianza kuijenga ngome hii mwaka 1593 kwa amri ya Mfalme Philip wa Pili wa Uhispania, ambaye wakati huo alitawala Ureno pia. Mchoro wake ulifanywa na Giovanni Battista Cairati, msanifu kutoka Milan, Italia. Kufikia mwaka 1596 ngome ilikuwa imesimama. Ukiitazama kutoka juu, umbo lake ni kama la mtu aliyelala chali, kichwa kikielekea baharini, kwa kuwa wasanifu wa Ulaya wa enzi hizo waliuona mwili wa binadamu kama kipimo cha umbo kamili.

Ngome haikukaa kwa amani. Mwaka 1631 Yusuf bin Hassan, mwana wa mtawala wa Mombasa aliyelelewa na Wareno huko Goa na kubatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, aliasi. Aliurudia Uislamu, akamuua kapteni wa ngome na kuiteka. Wareno waliotumwa kuja kuirudisha walishindwa. Mwaka uliofuata Yusuf aliondoka kwa meli, na Wareno wakarejea.

Kisa kinachopaswa kujulikana zaidi ni cha mazingiwa yaliyoanza Machi 1696, pale jeshi la Oman lilipoizunguka ngome. Mazingiwa hayo yalidumu miezi 33, hadi Desemba 1698. Njaa na maradhi viliua watu wengi kuliko mizinga. Mwezi Agosti 1697 Wareno waliokuwa wakiongoza ulinzi walikuwa wamekufa, na ngome ikabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, jamaa zake, na wanaume na wanawake wachache wa Kiafrika. Hao ndio walioishikilia hadi meli za msaada zilipofika mwezi uliofuata. Kwa majuma hayo, ngome ya Wareno ililindwa na watu wa pwani peke yao.

Mwaka huo huo meli ya Wareno iitwayo Santo António de Tanná ilizama mbele ya ngome. Wapiga mbizi wa utafiti waliichimbua kati ya mwaka 1977 na 1980, na baadhi ya vitu vilivyotolewa chini ya bahari vinaonyeshwa katika jumba la makumbusho ndani ya ngome.

Waomani waliitwaa ngome mwaka 1698. Wareno waliirudia kwa muda mfupi kati ya 1728 na 1729, kisha wakaondoka moja kwa moja. Ukoo wa Mazrui uliitawala Mombasa hadi mwaka 1837, Sayyid Said wa Oman na Zanzibar alipoutwaa mji. Ni katika enzi za Mazrui ambapo Muyaka bin Haji, mshairi mashuhuri wa Mvita, alitunga mashairi yake, mengi yakihusu siasa na vita vya mji huu.

Serikali ya kikoloni ya Uingereza iliigeuza ngome kuwa jela kuanzia 1895. Ilikuwa jela kwa zaidi ya miaka 60. Mwaka 1958 ilitangazwa kuwa mahali pa kuhifadhiwa, ikachimbuliwa na kukarabatiwa chini ya usimamizi wa mwanaakiolojia James Kirkman, na mwaka 1960 ikafunguliwa kama makumbusho. Mwaka 2011 Shirika la UNESCO liliiorodhesha kuwa Turathi ya Dunia.

Ndani, usikose vitu vitatu. Cha kwanza ni michoro ya meli na watu iliyochorwa ukutani na Wareno katika karne ya 17. Cha pili ni Nyumba ya Waomani, iliyo juu ya ukuta na yenye mandhari ya lango la bahari. Cha tatu ni mwamba wenyewe: kuta za chini hazikujengwa, bali zilichongwa kutoka kwenye jiwe la matumbawe.

Ndia Kuu na nyumba zake

Ukitoka ngomeni, Mji wa Kale uko hapo hapo. Ndia Kuu ndiyo barabara yake maarufu. Nyumba nyingi zinazoonekana leo ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, na zinaonyesha watu walioishi pamoja: Waswahili, Waarabu, Wahindi wa jamii mbalimbali, Wabaluchi na Wazungu wachache. Milango ya nakshi na baraza za mawe mbele ya nyumba ni desturi ya pwani. Roshani za mbao zilizochongwa, zinazoning'inia juu ya barabara, zililetwa zaidi na mafundi na wafanyabiashara kutoka magharibi mwa India.

Nyumba hizi zina akili ndani yake. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, nene kiasi cha kuzuia joto la mchana. Dari zimebebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti haiwezi kubeba uzito ikiwa ndefu mno, vyumba vya nyumba za kale ni virefu lakini vyembamba, kwa kawaida chini ya mita tatu kwa upana. Barabara nazo ni nyembamba kwa makusudi: nyumba moja huipa nyingine kivuli, na upepo wa bahari hupenya katikati.

Kabla ya magari, wakubwa wa mji walisafiri kwa vigari vidogo vilivyosukumwa na watu juu ya reli nyembamba, kutoka mjini hadi Kilindini. Kulikuwa na vigari vya serikali na vya watu binafsi, na kila chenye hadhi kilikuwa na kituo chake. Magari ya injini yalivimaliza katika miaka ya 1920.

Misikiti ya kale

Msikiti wa Mandhry, unaoelezwa kuwa ulijengwa mwaka 1570, ni mmoja wa misikiti mikongwe zaidi ya Mombasa ambayo bado inaswaliwa. Ikiwa hesabu hiyo ni sawa, basi ulikuwepo miaka 23 kabla ya ngome. Mnara wake mweupe, mpana chini na mwembamba juu, haufanani na minara ya siku hizi, na ni mtindo wa pwani hii. Msikiti wa Basheikh nao una mnara wa aina hiyo, na wenyeji husimulia kwamba msingi wake ni wa kale zaidi.

Hii ni misikiti ya ibada, si ya maonyesho. Mgeni asiingie bila kuomba ruhusa, avae mavazi ya heshima, na asipige picha za waumini wakati wa swala.

Bandari ya Kale na ngazi za Leven

Kutoka Mandhry ni mwendo mfupi hadi uwanja wa Forodhani na Bandari ya Kale. Hapa ndipo majahazi yalipotia nanga kwa karne nyingi, yakileta tende, mazulia, samaki mkavu na vyombo, na kuondoka na boriti, pembe na nafaka. Meli kubwa za injini zilihitaji maji ya kina zaidi, biashara ikahamia Kilindini, upande wa pili wa kisiwa. Eneo hili bado ni bandari inayofanya kazi, kwa hivyo uliza walinzi kabla ya kutoa simu kupiga picha.

Karibu na hapo kuna Nyumba ya Leven na ngazi za Leven zinazoteremka hadi majini. Jina ni la meli ya kivita ya Uingereza iliyoongozwa na Kapteni William Owen. Mwaka 1824 ukoo wa Mazrui, ukihofia kushambuliwa na Sayyid Said, uliomba ulinzi wa Waingereza. Owen aliipandisha bendera ya Uingereza bila kungojea idhini ya London, na akamwacha Luteni Reitz kuwa msimamizi. Reitz alifariki kwa homa miezi michache baadaye. Serikali ya Uingereza haikukubali mpango huo, na mwaka 1826 bendera ikashushwa. Ni jina lake tu lililobaki, kwenye ghuba na mtaa wa Port Reitz.

Treasury Square na alama za ukoloni

Mwaka 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake Afrika Mashariki. Ukanda wa pwani wa maili 10 ulibaki kisheria kuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, ukikodishwa kwa Waingereza, na bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea juu ya Fort Jesus hadi mwaka 1963. Mombasa ndiyo iliyokuwa makao makuu ya utawala huo hadi yalipohamishiwa Nairobi katika muongo wa kwanza wa karne ya 20.

Majengo ya Treasury Square yalijengwa katika kipindi hicho. Hapo pana sanamu ya Allidina Visram, mfanyabiashara aliyetoka Kutch, India, akafungua maduka kufuata njia ya reli hadi Uganda. Shule inayobeba jina lake, iliyofunguliwa mwaka 1923, imesomesha vizazi vya wakazi wa Mombasa. Hatua chache kutoka hapo ni Mahakama ya Kale, jengo la mwaka 1902 ambalo sasa ni mahali pa maonyesho ya sanaa. Kanisa Kuu la Kianglikana lililo Barabara ya Nkrumah lilifunguliwa mwaka 1905. Anayelitazama vizuri ataona kuba na matao yanayofanana na ya msikiti, ishara kwamba hata waliotoka mbali walijenga kwa lugha ya mji walioukuta.

Reli nayo ilianzia hapa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani, mahali panapoitwa Kisumu leo, mwaka 1901. Maelfu ya vibarua waliletwa kutoka India kuijenga. Nairobi yenyewe ilianza kama kituo cha reli iliyotoka pwani.

Mnara wa Mbaraki

Upande wa kusini-magharibi mwa kisiwa, karibu na maghala na viwanda, kuna mnara wa mawe ya matumbawe wenye urefu wa takriban mita 14, ulio wazi ndani. Huu ni Mnara wa Mbaraki. Ramani ya Wareno ya mwaka 1728 tayari inauonyesha. Kando yake palikuwa na msikiti wa karne ya 15 ambao baadaye uliachwa. Mapokeo yanauhusisha mnara huo na kaburi la mkubwa wa mojawapo ya Miji Tatu. Kwa muda mrefu watu wamefika hapo na udi na maji ya waridi kuomba dua na kuweka nadhiri.

Pembe za Ndovu na Sanamu ya Askari

Pembe kubwa zilizovuka Moi Avenue ndizo picha inayoitambulisha Mombasa kote duniani. Si pembe halisi, ni za chuma chepesi. Zilijengwa katika miaka ya 1950 kupamba barabara, iliyoitwa Kilindini Road wakati huo, kwa ajili ya ziara ya familia ya kifalme ya Uingereza. Pambo la sherehe za wakoloni limekuwa alama ya mji ambao wenyewe sasa wanaujivunia.

Sanamu ya Askari, iliyo Jomo Kenyatta Avenue, haipigwi picha sana, lakini ina uzito zaidi. Iliwekwa katika miaka ya 1920 kuwakumbuka askari wa Kiafrika na Kiarabu na wapagazi waliohudumu katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wapagazi walikuwa wengi kuliko askari, na waliokufa kwa maradhi na uchovu walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo asili ya Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam.

Kengeleni: walipofika walio huru

Matembezi yanaishia bara, ng'ambo ya daraja. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Meli za Uingereza ziliendelea kuyakamata majahazi yaliyobeba watu kwa siri. Waliookolewa walihitaji mahali pa kuishi. Mwaka 1875 wamishonari wa Kianglikana walianzisha kijiji chao hapa, wakakiita Frere Town kwa jina la Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyeshughulikia mkataba huo. Waliowatangulia na kuwaongoza wakazi wapya ni Waafrika waliokuwa wamekombolewa zamani, wakasomea India, na ambao huitwa Waafrika wa Bombay.

Kengele ilipigwa kuita watu kwenye ibada na kazi. Inasimuliwa pia kwamba ilipigwa kuwaonya watu wakati wafanyabiashara ya watumwa walipoonekana wakikaribia. Hofu hiyo haikuwa ya bure: utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika ukanda wa pwani hadi mwaka 1907. Wazao wa watu wale wangali wanaishi Kisauni na mitaa ya jirani.

Si mbali na hapo, Nyali, lipo kaburi la Rosine Krapf na mtoto wake mchanga, waliofariki Julai 1844, miezi michache baada ya kufika Mombasa. Mumewe, Johann Ludwig Krapf, alibaki, akahamia Rabai, na akakusanya kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa London mwaka 1882.

Nani mwenye jukumu?

Wakazi wengi huuliza kwa nini serikali ya kaunti haisimamii Fort Jesus. Jibu liko katika Ratiba ya Nne ya Katiba ya 2010. Makaburi, magofu na majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa ni jukumu la serikali ya taifa, kupitia Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Kaunti zimepewa shughuli za kitamaduni, utalii wa ndani, upangaji wa miji, na huduma kama barabara za mitaa, taa na uzoaji taka.

Kwa hivyo pande hizi mbili hazina budi kufanya kazi pamoja. Mwenye nyumba katika Mji wa Kale anayetaka kujenga au kubadilisha jengo anahitaji kibali cha ujenzi cha kaunti na pia idhini ya Makavazi ya Kitaifa. Kupata kimoja hakuondoi haja ya kingine.

Kinachopotea

Bahari ni adui wa kwanza. Mawimbi yamekuwa yakiula mwamba wa matumbawe ulioibeba ngome, ndiyo sababu ukuta wa kuyazuia ulijengwa upande wa bahari katika miaka ya hivi karibuni.

Lakini hatari kubwa zaidi kwa Mji wa Kale haitoki baharini. Inatoka katika maamuzi madogo ya kila siku. Nyumba ya urithi ina warithi wengi, hakuna anayekubali kuitengeneza peke yake, paa linavuja, boriti zinaoza, na mwishowe inauzwa. Mlango wa nakshi unang'olewa na kununuliwa na mgeni asiyejulikana. Roshani inaondolewa na pahali pake panawekwa zege. Orofa mbili zinaongezwa juu ya kuta ambazo hazikujengwa kuzibeba.

Hata ukarabati wenye nia njema unaweza kudhuru. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua: unyevu huingia na kutoka. Ukipigwa plasta ya saruji, unyevu hufungiwa ndani pamoja na chumvi, na jiwe huanza kumong'onyoka kutoka ndani wakati nje panaonekana papya. Fundi anayejua kazi ya chokaa ni hazina. Vijana wanaojifunza ufundi huo wana kazi inayowangoja.

Nyumba moja ikibomolewa, mji hauonekani kupungukiwa. Zikibomolewa 20, barabara inapoteza kivuli, wageni wanapoteza sababu ya kupita, na mwongozaji wa watalii, mwuza madafu, mama wa viazi karai na mchonga milango wanapoteza riziki.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inakataza kubomoa, kubadilisha au kuharibu jengo lililo chini ya ulinzi bila idhini. Kusafirisha vitu vya kale nje ya nchi bila kibali ni kosa. Anayegundua kitu cha kale, kwa mfano anapochimba msingi au shimo la choo, anatakiwa kuwaarifu Makavazi ya Kitaifa mahali hasa alipokipata, ndani ya siku 7. Kufanya hivyo hakumaanishi kwamba atanyang'anywa ardhi. Kunawapa wataalamu nafasi ya kuona kilichopo kabla hakijapotea.

Mkazi afanye nini?

- Apeleke watoto. Ziara moja ya Fort Jesus inamfundisha mwanafunzi mambo ambayo hatayaona kitabuni.
- Kabla ya kutengeneza nyumba ya kale, aombe ushauri. Kuziba paa mapema ni nafuu kuliko kujenga ukuta upya.
- Asinunue wala kuuza mlango, dirisha au nguzo iliyong'olewa kwenye nyumba ya Mji wa Kale. Soko likikosekana, wizi utapungua.
- Warithi wa nyumba moja wakubaliane mapema ni nani atakayesimamia ukarabati.
- Asitupe taka ndani ya magofu wala kuandika jina ukutani.
- Wazee warekodiwe. Simu ya mjukuu inatosha kuhifadhi kisa cha bibi kuhusu mtaa wake.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Beba kitambulisho. Raia wa Kenya hutozwa ada ndogo kuliko wageni katika Fort Jesus, lakini sharti wathibitishe uraia wao. Fort Jesus, Ndia Kuu, Mandhry, Bandari ya Kale na Treasury Square zinaweza kuzungukwa kwa miguu asubuhi moja. Vaa viatu vya kutembelea na beba maji. Mbaraki, Pembe za Ndovu, Sanamu ya Askari na Kengeleni zinafaa mchana, kwa tuktuk au matatu. Ukitaka mwongozaji, chagua aliye na leseni na mkubaliane malipo kabla ya kuanza. Mjini, omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, kwa kuwa Mji wa Kale ni nyumbani kwa watu.

Na siku nyingine makanga atakapoita "Kengeleni!", mkazi aliyesoma haya anaweza kumwonyesha mtoto aliye kando yake ule mnara mdogo, na kumweleza kwamba hapo zamani watu waliisikia kengele ile wakajua kuwa wako huru, na kwamba lazima wawe macho.